Kifo Ako na Sura Gani? Maneno niliyoongea Kaloleni Jumamosi

Wale hamkufika kwa mkutano wa kikundi pale Kaloleni, Nairobi, mmenipigia simu mpaka nimeamua kuandika yote hapa vile niliongea. Picha nilizokuwa naonyesha kwa ukuta nimeziacha, hata waliokaa mbele hawakuziona vizuri juu ile holi haina mapazia ya maana.

Bwana asifiwe! Asalaam aleikum! Na nyinyi hamko upande wowote, mambo zenu?

Asante mama mwenyekiti, asanteni wazee, asanteni vijana mmeacha mpira kuja kusikiliza habari ya kifo, hiyo si kitu ndogo. Wengi mnanijua, mimi ndio naendesha lile gari la kubeba maiti, na wengine hapa nimewabebea watu wenu, poleni tena. Sasa watu hudhani kazi yangu ni kuendesha. Kazi yangu ni kungoja! Unangoja mochari, unangoja makaratasi, unangoja familia imalize kubishana nani atakaa mbele akishika picha ya marehemu. Ndio maana mnaniona na kitabu kwa dashibodi kila saa. Na vile kila siku niko kazini kwa kifo, nikaanza kusoma vile watu wa dunia humchora. Si kifo kama jambo, hapana. Kifo kama mtu, mwenye miguu, mwenye kazi, mwenye mama.

Ndiyo, mwenye mama! Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wako na wimbo wa kulilia maiti ambao mwimbaji anasema angejua boma la mama yake Kifo lilipo angeenda na mwenge wa nyasi akaliwasha lote. Hebu fikirieni hasira hiyo. Unaweza kuchomea presha nyumba? Unaweza kuchomea sukari nyumba? Huwezi. Lakini Kifo akiwa na mama, na mama akiwa na boma, basi mahali pa kwenda na hasira yako pako.

Na hiyo ndio nimekuja kusema leo. Watu hawampi Kifo sura juu ya kumuogopa tu. Wanampa sura ndio wapate mtu wa kugombana naye, mtu wa kubembeleza, wa kudanganya, wa kutusi hata. Halafu ukiiangalia ile sura vizuri, unajua hao watu waliumizwa wapi.

Tuanze na jirani. Baganda wanasimulia kwamba mtu wa kwanza, Kintu, alienda mbinguni kwa Gulu, mwenye mbingu, akaposa binti yake, Nambi. Huyo Nambi alikuwa na kaka anaitwa Walumbe. Na Walumbe ndio Kifo. Mmeshika hapo? Kifo si jini, si mgeni, si adui ametoka ng'ambo. Kifo ni shemeji! Ni mtu wa ndani kabisa, wa kuja kwako bila kupiga simu. (Hapa mlicheka, na mama mmoja akasema "huyo namjua.")

Gulu akawaambia amkeni mapema, shukeni duniani kabla Walumbe hajajua, na mkisahau kitu chochote msirudi. Wakafunga mizigo, ng'ombe, mbuzi, ndizi, kuku. Njiani wakakumbuka wimbi ya kulisha kuku imebaki. Wimbi jameni! Kuna wanaosema ni Nambi alirudi na kuna wanaosema ni Kintu, inategemea sana kama anayekusimulia ni bwana ama ni bibi. Aliyerudi akamkuta Walumbe, naye Walumbe akauliza mbona mnaenda bila mimi, akawafuata.

Walipofika chini hakuanza na kuua, na hiyo sehemu ndio huniuma. Aliomba mtoto mmoja tu wa kumsaidia kupika. Kintu akakataa. Akaomba tena, akakataliwa tena, akasema sawa, hamnipi basi nitachukua, na watoto wakaanza kufa. Kintu akalilia Gulu, Gulu akatuma kaka mwingine, Kayikuzi, huyo ni mchimbaji, aje amkamate Walumbe amrudishe. Amri ikatolewa: kila mtu akae ndani, mbuzi zisitoke, na atakayemuona Walumbe asipige kelele. Wakakimbizana chini ya ardhi, huyu anachimba huyu anazidi kuingia, mpaka Walumbe akabanwa akatokea juu mahali panaitwa Ttanda. Na pale Ttanda, siku hiyo hiyo, kulikuwa na watoto wametoa mbuzi kwenda malishoni. Wakamuona. Wakapiga mayowe. Walumbe akarudi shimoni, na Kayikuzi akasema mimi nimechoka, nyinyi watu hamsikii, akapanda zake mbinguni. Yale mashimo ya Ttanda yako mpaka leo upande wa Mityana, watu huenda kuyaona na wengine huenda kuomba.

Kintu naye akasema nini? Akamwambia shemeji yake, ua ukitaka kuua, lakini hutawamaliza, maana Nambi ataendelea kuzaa. Basi. Si kwamba alishinda. Alimwambia tu tutaona nani atachoka kwanza.

Ukivuka mpaka mwingine, Rwanda na Burundi, unapata karibu hadithi hiyo hiyo. Mungu mwenyewe, Imana, anamwinda Kifo, watu wameambiwa wakae ndani, lakini nyanya mmoja ametoka kwenda shambani, Kifo anakuja mbio anahema, anamwomba amfiche, nyanya anamhurumia anamfunika kwa nguo yake. Mimi nauliza tu, kwa nini kila mara mambo huharibiwa na mtoto ama nyanya? Hakuna mwanaume aliwahi kuharibu kitu? Naona wazee ndio walikuwa wanasimulia.

Na Wajaluo mlio hapa, nyinyi hamngojei Imana awawindie, mnawinda wenyewe. Tero buru. Nimeiona Siaya, matanga ya mzee mmoja, ng'ombe dume wametolewa, vijana wamejifunga matawi, fimbo, mikuki, filimbi, wanakimbia wote mpaka nje huko kufukuza kifo kitoke kwa boma. Kulikuwa na kijana mmoja wa chuo, nilikuwa nimemleta mimi mwenyewe kutoka Nairobi, njia nzima ameweka vitu vya masikio haongei na mtu. Nikamuona anachoma kichaka na mkuki, anachoma, anachoma, jasho linamtoka, simu inaita mfukoni na hashughuliki nayo. Niambieni, alikuwa anachoma nani? Mnajua nani.

Sasa twende mbali kidogo. Yule wa mifupa, mwenye joho jeusi na mundu mrefu wa kuvunia ngano, mnamjua kwa katuni. Huyo ni wa Ulaya, na usidhani alikuwa hivyo tangu zamani. Wagiriki wa kale walimchora Kifo akiwa mwanaume mwenye mabawa, pacha wa Usingizi, na kuna chombo kimoja maarufu cha mwaka 515 hivi kabla ya Kristo kinaonyesha hao mapacha wawili wakimwinua shujaa aliyeuawa vitani, wanambeba kwa heshima kabisa, mimi kama mtu wa kazi hiyo niliangalia mikono yao nikasema hawa wanajua kubeba. Mifupa ilienea baadaye, na kilichoieneza sana ni tauni. 1347 meli ziliingia Sicily na ule ugonjwa, na kufika 1351 Ulaya ilikuwa imepoteza angalau mtu mmoja kwa kila watatu, pengine zaidi. Mahali pengi hakukuwa na jeneza, hakukuwa na matanga, ni mashimo makubwa na watu kutupwa ndani. Mtu akishaona hivyo, unafikiri atachora malaika?

Mwaka 1424 mpaka 1425 kule Paris, kwa ukuta wa makaburi yanaitwa Innocents, wakachora mstari mrefu wa watu wakicheza densi na maiti. Maiti mmoja, mtu mmoja, maiti mmoja, mtu mmoja, wameshikana mikono. Na mstari unaanza na nani? Papa! Halafu mfalme mkuu, halafu makadinali, wafalme, inashuka hivyo mpaka mkulima na mtoto mchanga. Mnaona pale watu waliumia wapi? Mkulima wa Ulaya ya wakati huo kumshinda mwenye shamba kortini ilikuwa ngumu sana, na kura hakuwa nayo. Lakini kwa ule ukuta alimuona mkubwa wake akivutwa mkono na mtu wa mifupa. Nadhani kuna mahali alitabasamu.

Wajerumani wako na hadithi ndugu wawili Grimm waliichapisha 1812, ya maskini aliyepata mtoto wa 13 akaenda barabarani kutafuta baba wa ubatizo. Akakutana na Mungu, akamkataa. Akamwambia wewe unawapa matajiri na maskini unawaacha na njaa. (Pasta, nisamehe, ni hadithi tu, na hata wao walijitetea hapo kwamba mtu huyo hakujua hekima ya Mungu.) Akaja Ibilisi, akamkataa, wewe ni mwongo. Akaja Kifo, akasema mimi huwafanya watu wote kuwa sawa. Maskini akasema wewe ndio nakutaka. Kifo akamlea yule mtoto akamfanya daktari mashuhuri, akampa siri: ukiniona nimesimama kichwani pa mgonjwa, mponye, ukiniona miguuni, huyo ni wangu. Daktari akaenda vizuri mpaka mfalme akawa mgonjwa na Kifo amesimama miguuni. Daktari akafanya nini? Akageuza mgonjwa! Kichwa huku, miguu kule! Mara ya kwanza akasamehewa. Mara ya pili, kwa binti wa mfalme, hakusamehewa. Hadithi hiyo ilisafiri mpaka Japani, karne ya 19 msimuliaji wao mmoja mkubwa akaivalisha kimono na mpaka leo watu hukaa wakaisikiliza jukwaani.

Wacha nikae kwa hii tauni kidogo, juu sisi pia tumeonja.

2020. Mnaikumbuka. Mazishi watu 15, haraka haraka, polisi wamesimama pale. Na sisi madereva tulivalishwa yale manguo meupe ya plastiki kutoka kichwa mpaka vidole, barakoa, miwani, glavu mbili mbili, ukitembea unasikika tu vile nguo inalia. Nilipeleka maiti Vihiga wakati huo. Gari kuingia tu kwa boma watoto wakakimbia wakipiga mayowe, wengine wakaingia kwa mahindi. Nyanya mmoja hakukimbia. Alijifunga leso kiunoni akasimama mbele ya gari, akaninyooshea bakora yake karibu iguse kioo, akaniuliza, "Wewe, umekuja kuchukua nani tena?"

Mimi sikuwa nimekuja kuchukua. Nilikuwa nimeleta. Lakini nilinyamaza. Akanitusi bana, akanitusi mimi, akatusi gari, akamtusi na mamangu aliyenizaa, na mimi nimesimama ndani ya hiyo plastiki natoka jasho, simjibu, mpaka akamaliza. Halafu akasogea kando akatuonyesha mahali pa kupitia. Hiyo siku ndio nilielewa ule wimbo wa Waacholi. Kwa hiyo boma mimi ndio nilikuwa Kifo, na nilikuwa na mama.

Je, nilikasirika? Kidogo, sitadanganya. Lakini angemtusi nani mwingine? Kirusi hakisikii. Serikali haikuwa hapo. Mimi nilikuwa hapo.

Twende Uhindi haraka. Ukipita Kariokor hapa kwetu kuna mahali Wahindu huchomea wapendwa wao, hata Profesa Wangari Maathai alichomewa hapo 2011. Sasa Kifo wa Wahindu ni Yama, amepanda nyati dume, mkononi kamba yenye kitanzi ya kuvutia roho, na ako na karani wake kabisa, Chitragupta, mwenye faili ya kila mtu. Wabudha wakambeba wakampeleka China na Japani na huko akawa jaji, anakaa mezani, makarani huku na huku. Unajua hapo hao ni watu waliishi miaka mingi chini ya serikali za makaratasi. Na mtu aliyezoea ofisi anajua kitu kimoja: karani unaweza kuongea naye.

Ndio alifanya Savitri, iko kwa Mahabharata, ule utenzi mrefu wa kale wa Wahindi. Huyu dada aliolewa akijua bwana yake Satyavan amebakisha mwaka mmoja tu. Siku ikafika, Yama akaja mwenyewe, akatoa roho ya bwana ndogo saizi ya kidole gumba, akaifunga kamba akaanza kwenda. Savitri akamfuata nyuma. Yama anamwambia rudi, yeye anaongea tu, anaongea maneno ya adabu na busara, mpaka Yama akamwambia haya omba kitu, isipokuwa uhai wa bwanako. Akaomba baba mkwe kipofu apate macho. Amepewa. Anaendelea kufuata. Omba kingine. Baba mkwe arudishiwe ufalme. Amepewa. Babake apate wana mia. Amepewa. Omba tena. Akasema nipe na mimi wana mia, wa kuzaa na Satyavan. Yama akasema sawa. Halafu akasimama. (Kina mama hapa mlipiga vigelegele hata sijamaliza.) Wana mia na bwana gani, kama bwana ako kwa kamba yako? Akamwachilia.

Na Waislamu wenzangu wa hapa mnamjua Malaika wa mauti, Kurani inamtaja kwa sura ya 32, jina la Israili tumelipata kwa masimulizi. Sheikh alinikumbusha hadithi iko kwa Bukhari, ule mkusanyo wa hadithi za Mtume, kwamba alipotumwa kwa Nabii Musa, Musa alimpiga kofi likamtoa jicho. Nabii! Malaika akarudi kwa Mola wake akasema umenituma kwa mja asiyetaka kufa, akarudishiwa jicho, akaambiwa rudi umwambie aweke mkono mgongoni mwa ng'ombe, kila unywele atakaoufunika apewe mwaka. Musa akauliza, halafu baada ya hapo? Akaambiwa, kifo. Akasema, basi iwe sasa. Mimi hiyo naipenda kuliko zote. Anaanza na kofi, anamaliza kwa kuuliza swali moja tu.

Wagiriki nao wako na mjanja wao, Sisyphus, mfalme wa Korintho, Kifo alipomjia akamfunga kwa minyororo, ikawa duniani hakuna mtu anakufa, mpaka mungu wa vita akaja kumfungua mwenyewe juu vita vyake vilikuwa havina maana tena. Na hakuishia hapo. Alimwambia bibi yake nikifa usinizike. Akafika kuzimu akaanza kulalamika, oneni bibi yangu hajanizika, nipeni ruhusa nirudi nimgombeze. Akapewa. Akakataa kurudi! Mweka hazina, huyo angekuwa kwa hiki kikundi angetumaliza, pesa ya jeneza imetoka na mwenyewe anakunywa chai.

Nimalizie na Meksiko. Kuna mchoraji aliitwa José Guadalupe Posada, karibu 1910 akachora fuvu la mwanamke amevaa kofia kubwa ya maua ya Kizungu. Alikuwa anacheka wale Wameksiko waliokana asili yao wakajifanya Wazungu, na sitasema kama hapa Nairobi tunao. Posada alikufa 1913 akazikwa makaburi ya maskini. 1947 mchoraji mwingine, Diego Rivera, akamchukua yule mama akamvalisha gauni zima akamsimamisha katikati ya mchoro mkubwa wa ukuta, na leo ndio sura ya sherehe yao ya wafu ya tarehe 1 na 2 Novemba. Lakini kuna mwingine tofauti, Santa Muerte, Kifo Mtakatifu, na huyu hawamchekei, wanamwomba. Wanamwekea sigara, pombe, mishumaa. Kanisa Katoliki linamlaani, na 2009 wanajeshi walibomoa madhabahu zake karibu na mpaka wa Marekani. Wanaomwomba wengi ni watu wa mitaa kama Tepito kule jijini Meksiko, wachuuzi, wafungwa na watu wao, makahaba, na ndiyo, wauza dawa pia. Wanasema yeye hachagui mtu. Mnakumbuka yule maskini wa Ujerumani? Maneno ni yale yale, na hawajawahi kukutana.

Sasa nikawauliza nyinyi, Kifo wa Nairobi tungemchora vipi? Majibu yenu nimeyaandika. Kijana wa mbele: bodaboda bila taa saa nane usiku Jogoo Road. Mzee: jengo la ghorofa ambalo simiti yake ni mchanga mtupu. Halafu mama mmoja akasimama akasema yake ni msichana wa hospitali fulani, nyuma ya kioo, kucha safi, anasema "mama, lipa kwanza ndio umchukue," na kwamba alimuona huyo msichana kila asubuhi mpaka mchango ukatosha. Holi ikatulia hapo. Mahakama zetu zimesema zaidi ya mara moja kwamba maiti si dhamana ya deni, na bado mimi hungoja nje ya hizo milango gari likiwa limezimwa. Yule msichana wa kioo ameajiriwa tu, kama mimi na plastiki yangu. Lakini ukiniuliza ni mchoro gani uende kwa ukuta wa Kaloleni, nachagua huo, na nyuma yake kwa mstari waandikwe walioweka hiyo sheria ya mlangoni, mmoja mmoja na cheo chake, kuanzia juu kama kule Paris.

Hiyo ndio yangu. Maswali yako dakika 20 kabla vijana wa karate waingie holi, na tafadhali msiniulize bei ya gari mpaka Busia, hiyo muulizeni katibu. Mama wa koti ya bluu, mkono wako niliuona tangu Walumbe, uliza.